Baiskeli ya Kukopa Haifunguliwi

Vijana wa kijiji chetu cha Mute, na nyinyi wa Palma mnaopita hapa na pikipiki mkinipigia honi kana kwamba mimi ni mbuzi wa barabarani, punguzeni mwendo kidogo. Nina maneno. Wengi wenu baba zenu walikwenda kuposa kwa baiskeli nilizozinyoosha mimi, na mama zenu walipelekwa hospitali kujifungua juu ya keria nilizozikaza mimi. Hata kuzaliwa kwenu kuna mkono wangu, msinibishie.

Mimi ndiye Fundi Nchamo. Kati ya Palma na Mocímboa hakuna baiskeli ya rika langu ambayo sijaitia spana. Shule niliishia darasa la tatu. Vita vikaja, mwalimu akakimbia kabla yetu. Lakini tazameni nyumba yangu, ina bati juu na saruji chini, na yote imetoka kwenye spana namba kumi na nne na masikio haya mawili. Nimeacha kazi si kwa uzee. Magoti ndiyo yaliyozeeka, mimi bado. Fundi baiskeli anachuchumaa kutwa nzima, na goti nalo lina gololi zake, zikiisha haziuzwi dukani.

Nasema masikio kwa sababu ndiyo yaliyonipa kazi. Aliyenifundisha ni Mzee Shilavi, Mmakonde wa juu kule Mueda, mtu aliyekata mkonge Tanganyika ujana wake na kujifunzia ufundi kwenye baiskeli za manyapara. Msimu mzima hakuniruhusu kugusa chombo. Kazi yangu ilikuwa kuinua gurudumu la nyuma, kulizungusha, na kulaza sikio juu ya tandiko.

"Umesikia nini?"

"Inazunguka, mzee."

"Hata kichwa chako kinazunguka. Umesikia nini?"

Nikajifunza. Gololi iliyopasuka hulia kama kifaranga aliyeachwa na mama yake. Koni kavu, ile inayobana gololi, hulia kama mlango wa jirani mgomvi. Spoki iliyolegea haina kilio, ina kikohozi. Ukiweka sikio kwenye tandiko unaisikia baiskeli yote, kwa maana chuma hupeleka habari kuliko wanawake kisimani. Mzee Shilavi alikuwa akisema chuma hakijui kusema uongo, ila kinanong'ona, na wenye haraka hawasikii. Nyinyi leo mnapeleka pikipiki kwa fundi anayetia ufunguo huku redio inapiga kelele. Sawa. Msije kunililia.

Mengi yamebadilika, wala si yote mabaya. Zamani za vita tyubu hazikuwepo, tukajaza tairi majani makavu, tukashindilia mpaka likawa gumu kama mto wa mgonjwa, na watu wakaenda safari na kurudi wakishika mgongo. Kiraka tulikibandika kwa utomvu wa mti. Amani ilipokuja, vipuri vikaanza kuvuka Rovuma kutoka Mtwara, na mimi nikawa wa kwanza Mute kuwa na solusheni ya kopo. Watu walikuja kuinusa tu.

Halafu ikaja gesi. Tukasikia imeonekana chini ya bahari, huko mbele ya Palma, nyingi kuliko wachimbaji walivyotarajia. Yakaja magari meupe, zikaja helikopta, wakaja watu wa kupima ardhi wakachomeka vijiti vyenye utepe mwekundu kwenye mashamba ya mihogo, na mbuzi wakala utepe. Barabara yetu hii ya mchanga ikajaa malori. Vijana wakaanza kutembea na karatasi zao ndani ya mfuko wa plastiki, kila mmoja akitafuta lango la kambi la kusimama mbele yake. Aliyeajiriwa alinunua pikipiki, na hapo nikampoteza mteja. Sikulia. Nilisema wazi, mbele ya watu, kwamba chuma cha haraka huchakaa haraka.

Katika mambo hayo ndipo walipokuwa vijana watatu ninaotaka kuwasimulia. Walikuwa wanasoma sekondari Palma, wanakwenda kwa baiskeli na kurudi kwa baiskeli, na kila mchana walikuwa wakitua kwenye kibanda changu. Sumaili na mdogo wake wa kike Zaina, mayatima wa baba, walikuwa wakilelewa na mjomba wao. Wa tatu ni Benedito, mtoto wa Kimakonde, babake alikuwa mwashi hapa kijijini. Walikuwa na mchezo wao wa njiani. Aliye mbele anauliza swali la masomo bila kugeuka, walio nyuma wanajibu, na anayekosea anarudi mkiani kula vumbi. Benedito alikuwa akifika kwangu mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye unga. Zaina alikuwa akifika msafi.

Kibandani kwangu wanafunzi hawakutengenezewa. Nilikuwa nawapa spana, wanatengeneza wenyewe, mimi nakaa juu ya debe nawakosoa. Wao huku mikono inafanya kazi, midomo iko kwenye univesidade, chuo kikuu. Mtihani wa kuingilia ulikuwa ukifanyika Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa, mwezi wa kwanza, wao wakiuita izame, na usiku na mchana hawakuwa na neno jingine.

"Mimi nasoma mawe," Sumaili alisema siku moja, anabana breki. "Jiolojia. Hawa wanaochimba hapa, nani kati yao ni wa hapa?"

"Wewe utakapomaliza kusoma, wao watakuwa wamemaliza kuchimba," Benedito akamwambia.

"Basi nitawaonyesha walikosahau."

"Utawaonyesha kwa baiskeli gani? Hiyo yako hata fremu imepasuka. Inakwenda kwa dua."

"Bora dua kuliko tairi linalovaa kanzu," Sumaili akajibu, maana Benedito alikuwa amevisha tairi lake kipande cha tairi jingine na kukishona kwa waya.

Benedito huyu alikuwa na akili za hesabu lakini cheni ilimshinda. Huku pwani mchanga ni adui. Cheni ukiipaka mafuta wakati wa kiangazi, mchanga unakuja kukaa kama mgeni asiyejua kuaga, unasaga meno ya gia mpaka yanakuwa makali kama ya papa. Cheni ya mchangani hupanguswa kwa kitambaa kikavu, basi, na mshumaa kidogo ukitaka kuidekeza. Nilimwambia. Yeye akaenda kuipaka mafuta ya nazi ya mamake. Asubuhi tulikuta sisimizi wameikalia tangu gia mpaka pedali, kijiji kizima cha sisimizi.

"Nao wanakwenda univesidade?" Zaina akamuuliza.

Zaina yeye alinipiga bao siku moja, na nalisema kwa kuwa mtu mkubwa haogopi kusema. Aliniuliza mzigo wa baiskeli unashikwa na spoki za chini au za juu. Nikamjibu za chini, ni nani asiyejua, mzigo unakaa juu ya kitu. Akacheka kwa adabu. "Spoki ni kama kamba, Fundi. Kamba haisukumi, inavuta. Wewe ukipanda, katikati ya gurudumu pananing'inia." Akanichorea kwenye mchanga. Nilikuwa nimekaza spoki miaka chungu nzima kwa kuzipiga kidole na kusikiliza sauti, na sikupata kuharibu gurudumu hata moja, lakini sababu sikuwa nayo. Siku hiyo nikaipata. Nikamwambia nilikuwa najua, namjaribu tu. Akasema, "Ndiyo, Fundi."

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Mjomba wao alikuwa Abudala, muuza ng'onda, wale samaki wa kupasuliwa, kutiwa chumvi na kuanikwa. Alikuwa akiwachukua ufukweni Palma kwenye tenga, analifunga juu ya keria, na kuwapeleka vijiji vya ndani. Abudala ni mtoto wa mjomba wangu, mimi mtoto wa shangazi yake, kwa hiyo sisi ni watani tangu tumboni. Nikifiwa ananicheka, akifiwa namcheka. Lakini katika jambo la Sumaili hatukuwa na utani. Abudala alikuwa amezungumza na mtu wa kambini, na kijana alishatafutiwa kazi ya kulinda lango. Viatu vya kambi, kofia ya kambi, aanze mara tu sikukuu za mwaka mpya zikipita.

"Gesi haimsubiri mtu," Abudala alikuwa akisema barazani. "Mimi nimebeba samaki miaka yote hii kuwalea. Leo mlango umefunguka mbele ya nyumba, yeye anataka kwenda Pemba kutafuta dirisha."

Sumaili hakubishana naye. Aliomba jambo moja tu, afanye mtihani. Akifeli, anavaa viatu vya kambi na hasemi tena. Abudala akakubali, maana si mtu mbaya, na akaongeza wema juu yake. Kwa kuwa fremu ya Sumaili ilikuwa imepasuka, akamkopesha baiskeli yake mwenyewe, ile ya kijani yenye kengele mbili na ngozi zinazopepea nyuma.

Baiskeli ya nini, mtaniuliza, na Pemba ni mbali? Mvua, wanangu. Mwaka ule mvua ya mwezi wa kwanza ilikuwa imeichapa barabara, na malori ya gesi yalikuwa yameifukua. Shapa, yale magari madogo ya abiria, zilikuwa haziji tena huku, ziliishia Mocímboa. Malori yenyewe yalikuwa yamezama kwa mstari, madereva wanapika chini ya maturubai. Hakuna gari lililopita. Baiskeli inapita, kwa sababu pakishindikana unaibeba. Wapande mpaka Mocímboa, walale kwa jamaa karibu na bandari, asubuhi washike shapa ya Pemba. Walikuwa wanakwenda wawili, Sumaili na Benedito. Zaina alikuwa bado na mwaka mmoja wa shule.

Siku mbili kabla ya safari Sumaili alinijia akiwa juu ya baiskeli ya mjomba wake. Kabla hajashuka nilishasikia. Ilikuwa inatafuna. Sauti ya chini, kavu, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga kwenye nyumba ya watu na hataki kuwaaibisha. Tena nilijua inatoka wapi. Baiskeli ya samaki ina ugonjwa wake. Tenga linakaa juu ya keria, maji ya chumvi yanadondoka, na yanadondokea pale pale, katikati ya gurudumu la nyuma. Juu rangi inang'aa, ndani ekseli, kile chuma kinachopita katikati na kubeba kila kitu, kinaliwa kimya kimya. Mtu wa bara hawezi kukuta ugonjwa huu.

"Ilaze hapa," nikamwambia. "Nitazame gurudumu la nyuma."

"Hapana, Fundi. Ni ya mjomba hii."

"Naijua ya nani. Nimekwambia ilaze."

"Kasema iko sawa."

"Amesema yeye. Mimi nasikiliza chuma."

Sumaili akashika usukani kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia ng'ombe. Pale walikuwepo Benedito na Zaina, na akina mama wawili waliokuwa wanauza mihogo. Akanivuta kando.

Kwetu huku baiskeli ya kukopa haifunguliwi. Mtu akikukaribisha wali huugeuzi kutazama chini yake kuna nini. Aliyekukopesha kasema nzima, basi ni nzima. Ukiitia spana kabla hujaipanda umeshamwita muongo, na atasikia kabla ya magharibi. Nilijua hayo. Lakini Sumaili alikuwa na zaidi ya hayo.

"Fundi, kijiji kizima kinajua mjomba hataki niende. Ukiifungua hapa na ikawa mbovu, watasema nini? Watasema kanipa mbovu makusudi nisifike. Ataitwa hivyo mpaka afe."

"Na ikikukatikia porini?"

"Itakuwa bahati yangu. Yeye kanilea. Izame naweza kuikosa, siwezi kumvua mjomba nguo barabarani."

Hakuwa anajisifu, alikuwa anaogopa. Na alikuwa anajua kama mimi kwamba akiukosa mtihani ule, wiki inayofuata amesimama langoni na viatu vya kambi, na hao waliokuwa wakisema "mwakani nitajaribu tena" tulikuwa tukiwaona wamesimama pale pale. Kwa adabu kijana alikuwa na haki yote. Kwa chuma alikuwa amekosea. Akapanda akaenda, ngozi zinapepea, ekseli inatafuna.

Nilikaa juu ya debe langu. Nisingeweza kwenda kumwambia Abudala baiskeli yako mbovu, maana tusi lingebaki lile lile, mlangoni kwake badala ya barabarani. Fundi hana ruhusa, na mkopaji hana ruhusa. Mpaka nilipofikiri sana ndipo nikakumbuka kuna mtu mmoja ambaye kwetu hahitaji ruhusa, mtani. Mtani huchukua. Akiona kofia yako anaivaa, akiona kuku wako anamfunga miguu, na wewe huwezi kukasirika, lazima umkomboe kitu chako huku watu wanacheka.

Kesho yake alasiri Abudala na Sumaili walikuja msikitini na baiskeli ile, wakaiegemeza ukutani. Mimi siku hiyo nilisali safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu. Imamu alipotoa salamu nami nikatoa, na wao walipoinua mikono kuomba dua, mimi nilikuwa nimeshaipanda baiskeli. Mungu anisamehe, anajua nilikokuwa nakwenda.

Nikaiingiza ndani ya kibanda, nikafunga mlango. Nikalaza sikio kwenye tandiko mara moja tu, kwa heshima ya Mzee Shilavi. Halafu spana.

Nati ya kwanza ilitoka kwa shida. Ya pili ilitoka na kipande cha ekseli ndani yake. Ilikatika mkononi mwangu, wanangu, bila mzigo, bila shimo, bila mtu juu yake. Chuma kilikuwa kimeliwa kikabaki chembamba kama mwiba wa samaki. Nikafungua koni, zikamwagika gololi, na zilizokuwa gololi zilikuwa unga, rangi ya binzari. Nikamwona akilini kijana huyo kwenye mteremko wa matope na mfuko wake wa karatasi mgongoni.

Nilikuwa na ekseli moja niliyokuwa nikiitunza ndani ya grisi, ya chuma cha zamani, nikiiwekea baiskeli yangu. Nikaitia. Gololi mpya, koni nikazikaza, nikazilegeza unywele mmoja, maana koni iliyokazwa sana inajila. Sasa sikilizeni ufundi ulipo, nyinyi mnaodhani ufundi ni kung'arisha. Ningeiacha ile nati mpya ikimetameta, kila mtu angejua baiskeli imefunguliwa, na tungekuwa tumerudi pale pale. Nikazisafisha nati zake kuukuu ndani tu, kutu ya nje nikaiacha. Nikazirudisha. Nikapaka vumbi na mate juu ya alama za spana. Hata magamba ya samaki yaliyokuwa yamegandia pale niliyarudisha kwa kidole. Maisha yangu yote sijafanya kazi nzuri kama ile, na ilikuwa nzuri kwa sababu haikuonekana.

Nje kelele zilishafika. Abudala alikuwa mbele, kanzu kaikunja, nyuma yake nusu ya msikiti.

"Mwizi wa msikitini, toka!"

Nikafungua mlango. "Nimekamata baiskeli inanuka kama mwenyewe. Nilidhani umekufa, nikasema niirithi."

"Nikifa utarithi madeni."

"Hayo nimeshakuachia wewe. Ikomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa ng'onda mmoja mwenye mafuta, na uniletee wewe mwenyewe kichwani, kama mke."

Watu wakacheka mpaka wakashika kuta. Sumaili naye akacheka, akiitazama baiskeli kwa wizi, akaona ina vumbi lake na magamba yake, akatulia. Lakini Abudala alikuwa ananitazama mikono. Kwa haraka ya kufungua mlango sikuwa nimeipangusa, na ilikuwa na grisi hadi vifundoni. Aliitazama, akanitazama usoni, akapokea baiskeli yake. Ng'onda aliniletea kichwani kweli, na tukaendelea kutukanana vizuri.

Wakaondoka alfajiri, mvua ikinyesha. Habari za njiani nilipewa na Benedito. Walipita kando ya malori yaliyozama, baiskeli mabegani, matope magotini. Dereva mmoja aliyekuwa anakoroga uji chini ya lori lake akawauliza wanakwenda wapi na hali hiyo. Wakamwambia izame. Akauliza wakifaulu wanapewa gari. Wakamwambia hawajui. Akasema, "Basi msichukue lori," akawapa uji. Tairi la Benedito lilivua kanzu mara kadhaa wakalivisha tena. Baiskeli ya kijani haikulia hata mara moja, na Benedito alilishangaa jambo hilo mbele yangu: "Fundi, ile ya mjomba ni chuma cha ajabu. Nasi tulikuwa tukiisema." Mimi nilikuwa na maneno mdomoni, yamejaa kama maji. Nikayameza. Ningesema nini? Nikijisifu kwa ekseli, nimemvua Abudala nguo niliyokuwa nimemfunika. Mnanijua. Nikiziba kitobo kimoja kijiji kinajua kabla ya upepo kutiwa.

Majibu yalipotoka Sumaili alikuwa amefaulu. Benedito hakufaulu, ilimpungukia kidogo, akaenda kushika bendera ya kusimamisha magari barabarani. Alikuwa akisoma vitabu vyake kwenye vumbi la malori. Sumaili akafunga mzigo akaenda Pemba, na Abudala ndiye aliyemsindikiza.

Aliporudi, Abudala alinijia peke yake asubuhi, kibanda kitupu. Hakutukana. Hapo nikajua ni mazito.

"Uliifungua."

"Niliifungua."

"Ilikuwaje?"

Nikaingiza mkono kwenye kopo, nikampa vipande viwili vya ekseli. Alivishika, akajaribu kuviunganisha kama mtoto.

"Ilikuwa inalia tangu maulidi," akasema. "Nikipanda naisikia. Nilipotaka kumkopesha nikasema niilete kwako kwanza. Halafu nikafikiri, nikiifungua nikakuta imekufa, itabidi niitengeneze au nimwambie. Nisipoifungua, likitokea la kutokea, ni la Mungu." Akanirudishia vile vipande. "Sikuivunja, Nchamo. Lakini sikuifungua."

Kwa mtani neno kama lile ni embe lililoiva, linajiangukia lenyewe. Nilikuwa na majibu saba. Nikamwambia akae, nikamtilia chai.

Nisingeyasema haya kama ningekuwa mimi ndiye niliyeyatoa. Aliyatoa mwenyewe. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Zaina kwenda Pemba, mvua ile ile, barabara ile ile, na mjomba akamkopesha baiskeli ya kijani. Siku moja kabla ya safari, saa ambayo kibanda kinajaa, Abudala alikuja akiisukuma, Zaina nyuma yake. Walikuwepo akina mama wa mihogo, alikuwepo Benedito na viatu vyake vya kazi, walikuwepo vijana wa shule kumi na ngapi sijui. Abudala akaigeuza baiskeli miguu juu, mwenyewe, akapiga magoti mchangani na kanzu yake.

"Nipe spana."

"Nikufungulie?"

"Nimesema nipe."

"Mjomba," Zaina akasema kwa sauti ndogo, "haina haja. Si umesema iko sawa?"

"Mimi nimesema. Sasa tuiulize yenyewe." Akaanza kuhangaika na nati, spana ikamteleza, akaumia kidole, hakuacha. Watu walikuwa wamesogea karibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona mkopeshaji akifungua chake mbele ya mkopaji. Ndipo akasema bila kuinua kichwa, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mwaka jana nilimpa kaka yako bila kuifungua, na ndani ilikuwa imekufa. Nilikuwa naisikia. Aliyeifufua ni huyu mwizi wa msikitini, na hakumwambia mtu."

Wote wakanigeukia. Benedito alifungua mdomo akausahau wazi. Walikuwa wananisubiri, wananijua, na mimi nilikuwa na maneno ya mwaka mzima tumboni, yamepangika kama spoki.

Nikachuchumaa upande wa pili, magoti yakalia, nikamshikia gurudumu lisizunguke ili apate kufungua nati ya pili.

Mama mmoja wa mihogo akamuuliza Zaina kwa kunong'ona kama fundi anaumwa.